Mahali pa viatu pachorwe kwenye ramani ya nyumba

Mhariri,

Picha za nyumba magazetini huonyesha mlango wa mbele uliopakwa rangi vizuri, kioo ukutani, chungu cha maua pembeni na sakafu inayong'aa. Viatu havionekani. Msomaji akirudi kwake anakuta jozi zimetapakaa kizingitini, anawagombeza watoto, na kesho yake ziko palepale. Sisi ni mafundi wa samani, tunaomba nafasi tuseme kwamba mara nyingi hilo si tatizo la malezi. Ni la vipimo, na lilianza siku ramani ilipochorwa bila mtu yeyote kuuliza viatu vitakaa wapi.

Anayeingia nyumbani huvua viatu pale anaposimama mara baada ya kufungua mlango. Akiwa na mizigo mikononi, hatakwenda hatua nne hadi kwenye kabati, alifungue, ainame na kupanga. Ataviacha hapohapo. Kwa hiyo rafu ya viatu vya kila siku iwe hatua moja au mbili kutoka kizingitini, na iwe wazi, isiyo na mlango wala droo. Kabati la kufungwa lina kazi yake, kwa viatu vya sherehe na vile visivyovaliwa mara kwa mara, na linaweza kukaa hata chumbani.

Kabla ya kununua mbao, chukua futikamba na chaki. Fungua mlango hadi mwisho na uchore sakafuni upinde unaopitiwa na ukingo wake. Ndani ya upinde huo pasikae kitu chochote. Kisha pima njia ya kupita. Sisi hatushuki chini ya sentimita 90, maana kuna siku atapita mtu aliyebeba mtoto, au mgeni aliye kwenye kiti cha magurudumu. Upana unaobaki ndio utakaokuambia rafu yako iwe na kina gani. Watu wengi huanza upande wa pili, wananunua rafu kwanza, halafu mlango unafunguka nusu kwa miaka yote watakayoishi humo.

Kina ndicho kinachoharibu rafu nyingi zinazouzwa. Kiatu cha mwanamume kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 28 hadi 32. Ukikiweka kwenye rafu ya sentimita 25, ncha inatokeza, kila apitaye anaipiga teke, na baada ya muda mfupi viatu vimerudi sakafuni. Weka kina cha sentimita 35. Pasipo na nafasi hiyo, inamisha rafu kwa nyuzi 45 na upigilie kipande chembamba cha ubao ukingoni ili viatu visiteleze. Hapo kina kitapungua hadi kama sentimita 27, lakini rafu zitahitaji kuachana zaidi, kwa hiyo utapata chache. Ukumbi ukiwa mwembamba sana, kuna makabati ya kina cha sentimita 17 hadi 20 ambayo milango yake huinamia mbele na viatu husimama ndani. Hayo lazima yafungwe ukutani kwa skrubu na plagi, yaani vijiti vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu la ukuta ili vishike skrubu. Mtoto akifungua milango yote mitatu kwa pamoja, uzito wote unakuja mbele na kabati linamwangukia. Fundi akikuambia linajisimamia lenyewe, mkatalie.

Idadi nayo ihesabiwe, isikisiwe. Tunahesabu jozi mbili zinazovaliwa kila wiki kwa kila mkazi, na kuongeza nafasi mbili za wageni. Familia ya watu watano inahitaji nafasi 12. Jozi moja ya mtu mzima huchukua upana wa sentimita 21 hivi, ya mtoto mdogo sentimita 15 hadi 17. Kimo cha rafu kisilingane kote: ndara na sandali zinatosha kwenye sentimita 14, raba na viatu vya ofisini vinataka 18, na buti za mvua zinataka 40 au zaidi, kwa hiyo zipewe kona yake sakafuni badala ya kulazimishwa rafuni.

Samani tunayoipendekeza zaidi ni benchi la kukalia lenye rafu chini yake, kwa sababu mzee, mjamzito na mtoto anayefunga kamba wote wanahitaji pa kukaa. Vipimo vyake: urefu sentimita 135, kina 35, kimo 45. Bao moja la plaiwudi la milimita 18, lenye ukubwa wa sentimita 244 kwa 122, linatosha na vipande vinabaki. Lichane vipande vitatu virefu vya upana wa sentimita 35. Katika kipande cha kwanza na cha pili, kata ubao wa sentimita 135, wa 64.8 na wa 33.8. Cha tatu kitoe ubao mmoja tu wa 33.8. Mbao mbili ndefu ndizo kikalio na sakafu ya benchi. Zile tatu za 33.8 husimama kati yake, mbili mwishoni na moja katikati. Mbili za 64.8 ndizo rafu, zifungwe sentimita 18 juu ya sakafu ya benchi ili juu yake zibaki 14 za ndara. Kila chumba kinachukua jozi tatu, na vyumba viko vinne. Ongeza miguu sita ya sentimita 8, miwili chini ya ubao wa katikati, ili ufagio na dekio vipite chini.

Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu za milimita 4 kwa 50, na utoboe kwanza kwa keekee ya milimita 3. Skrubu ikiingia kavukavu kwenye ukingo wa plaiwudi, tabaka zinaachana na kiungo hakishiki tena. Mgongo uache wazi hewa ipite, ila pigilia nyuma ubao mwembamba wa sentimita 6 kwa urefu wote, chini ya kikalio, ufike hadi kwenye mbao za mwisho za benchi pande zote mbili. Bila huo benchi litayumba kushoto na kulia kila mtu anapokaa.

Tumetaja plaiwudi kwa makusudi. Chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni rahisi kukata na inapendeza ikiwa mpya, lakini mlangoni haidumu. Soli yenye maji ikiwekwa rafuni, maji hutambaa hadi ukingoni, mahali ambapo utepe wa plastiki umeanza kubanduka. Chembe hizo za mbao zinafyonza na kuvimba, ukingo unanenepa kama mkate uliochovywa chai, na baada ya hapo haurudi. Skrubu zilizokuwa zimeshika chembe hizo zinalegea na rafu inalala. Hata plaiwudi ipakwe vanishi mikono miwili, na kingo zote zipakwe, pamoja na upande wa chini usioonekana. Mafundi wenzetu wengi huuruka upande huo, na maji ya kudekia huanzia hapohapo.

Viatu vilivyolowa visiende rafuni kabisa. Viwe na trei yao yenye ukingo wa sentimita 2, karibu na mlango. Toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikishalowa, na uviache siku nzima au zaidi mahali penye hewa. Usivianike karibu na moto wala kwenye jua kali: ngozi inapasuka na gundi ya soli inaachia. Harufu mbaya hutokana na bakteria wanaokula jasho ndani ya kiatu chenye unyevu, kwa hiyo kiatu kikavu kwenye rafu yenye hewa hakihitaji manukato mengi.

Mambo mengine ni mepesi. Zulia la kufutia miguu liwe la makumbi nje na la kunyonya maji ndani, na pima uwazi ulio chini ya mlango kabla ya kununua, maana zulia nene hujikunja mlango ukifunguliwa. Kulabu za makoti na mifuko ziwe sentimita 160 kutoka sakafuni kwa watu wazima na 100 kwa watoto. Swichi ya taa iwe upande wa kitasa, mtu aifikie kabla ya kuingia gizani, na balbu ya kelvini 2,700 hadi 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa njano unaomkaribisha mgeni vizuri kuliko ule mweupe mkali.

Hata hivyo benchi hili haliwezi kukaa mahali ambapo ukuta una urefu wa nusu mita kabla ya mlango mwingine kuanza. Ndiyo maana tunaomba mambo mawili. Wachoraji wa ramani watenge tangu mwanzo kipande cha ukuta cha sentimita 140 chenye kina cha 35, upande ambao mlango haufungukii, na wakiandike kwa jina lake kama wanavyoandika jiko na bafu. Na gazeti lako, kila linapochapisha picha ya nyumba nzuri, lichapishe pia vipimo vya sehemu ya kuingilia, ili anayejenga ajue la kumwambia mchoraji wake kabla msingi haujachimbwa.

Wako,
Mafundi wa samani za nyumbani