Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla ya 2027 tuambieni alama za la saba zinatabiri nini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, shule ya sekondari ya kata, na kila Januari mimi ni mmoja wa wanaowapokea kidato cha kwanza. Sijaandika kulalamikia madawati wala mshahara, hayo mnayajua. Nataka tuongelee zile alama wanazokuja nazo kutoka darasa la saba, maana zile herufi chache ndo zinaamua nani aende shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kilakala au Mzumbe, nani aje kwetu, na nani abaki nyumbani, na sijawahi kuona popote tukiambiwa wazi zinatabiri kwa kiasi gani huyu mtoto atafika wapi.

Nina binti mmoja darasani, jina lake simtaji. Alikuja na A karibu kila somo, English ndo alipata C. Wiki za mwanzo nikamuuliza kwa Kiswahili mmea unapataje chakula chake, akasimama akaeleza jua, maji, hewa inayoingia kwenye majani, mpaka ile rangi ya kijani inafanya kazi gani, hakukwama hata mahali pamoja, wenzake wakampigia makofi. Baada ya wiki tatu nikatoa jaribio, swali lilelile ila sasa kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka. Kwenye nafasi ya jibu alikuwa amenakili swali lenyewe, neno kwa neno, mwandiko mzuri kabisa, mistari imenyooka, na nukta ameweka mwishoni. Nikaandika sifuri kwa sababu hakuna kingine ningeweza kuandika, halafu nikabaki nimeishika ile karatasi hadi ofisi ikawa tupu.

Sasa huyu akifeli kidato cha pili najua watu watasema nini, watasema la saba alibahatisha kusiliba majibu ya kuchagua, au primary walimbeba. Hakuna aliyembeba Mheshimiwa, mtihani wa la saba ulimpima vizuri tu, ni sisi tuliobadilisha lugha ya kipimo njiani halafu tunashangaa mbona vipimo viwili haviendani.

Sitaki nieleweke vibaya kwamba mitihani ni bahati nasibu, hapana, mitihani inatabiri na ushahidi upo. Tarehe 1 Juni 1932 kule Scotland waliwapa karibu watoto wote waliozaliwa 1921 mtihani mmoja wa akili, watoto zaidi ya 87,000 siku moja. Miaka zaidi ya 60 baadae timu ya profesa Ian Deary ikawatafuta baadhi yao, wakiwa wazee wa karibu miaka 80, wakawapa mtihani uleule, na uhusiano kati ya alama za utotoni na za uzeeni ukatoka 0.63 hivi (1 ingekuwa zinafanana kabisa, 0 hakuna uhusiano). Hiyo ni kubwa sana kwa umri wote ule. Lakini izidishe kwa yenyewe upate kama 0.4, yaani asilimia 40 ya tofauti za wale wazee inaendana na tofauti zao za utotoni, nyingine yote imetokana na mambo mengine. Na hapo ni mtihani uleule, kwa lugha ileile! Uingereza pia walifuatilia watoto zaidi ya 70,000, kipimo cha akili wakiwa na miaka 11 na mitihani ya shule wakiwa na 16, ikatoka 0.81, na wale nao hakuna aliyebadilishiwa lugha ya kufundishiwa katikati.

Halafu kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mara nyingine mtihani unaonekana umetabiri kumbe sisi wenyewe ndo tumeufanya utabiri. Ukimwambia mtoto umefeli, ukamfungia mlango, miaka kumi baadae ukamkuta anabeba zege, utasema unaona, mtihani ulijua? Majirani zetu Kenya hili limechunguzwa vizuri kwa ile KCPE yao ya zamani, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtafiti Owen Ozier aliwaangalia waliokuwa juu kidogo na chini kidogo ya mstari wa kuingia sekondari, watoto wanaopishana alama chache tu, yaani ukiwaweka darasa moja huwezi kuwatofautisha. Walipokuwa watu wazima, waliovuka mstari na kupata sekondari walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya msamiati na kufikiri, wanaume wachache zaidi waliishia kwenye vibarua vya kujiajiri visivyohitaji ujuzi, na mabinti wachache zaidi walipata mimba za utotoni. Watoto ni walewale, kilichotofautiana ni mlango. Na wachumi wengine wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, wakafanya hivyohivyo kwa waliokosa na waliopata shule zile kubwa za kitaifa kwa alama chache, wakakuta kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari tofauti haionekani. Kwa hiyo lililobadilisha maisha ni kupata sekondari yenyewe, lakini kuingia shule kubwa badala ya inayofuata hakukuongeza alama, wakati sisi wazazi na walimu tunakosa usingizi kwa ajili ya hilo la pili.

Na mstari wenyewe unachorwa na binadamu. Tunakumbuka kidato cha nne 2012, matokeo yalitoka Februari 2013 zaidi ya nusu wakiwa na division zero, yaani wamefeli, nchi nzima ikalia, baadae serikali ikayafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu wa miaka iliyotangulia na maelfu wakahama kutoka kufeli kwenda kufaulu. Hawakurudi chumba cha mtihani, majibu yalikuwa yaleyale.

Kuna wenzangu wanasema mbona vyuoni alama za form six hazilingani sana na GPA ya mtu, basi mitihani haina maana. Hapo nawapinga. Unga ukishachekechwa usitegemee kukuta chenga. Waliofika chuo wote walishachujwa la saba, form two, form four, form six, wamebaki wanaokaribiana, kwa hiyo tofauti ndogo za alama zao haziwezi kusema mengi, lakini hiyo haimaanishi chekecheo lilikuwa bovu.

Ninachoomba Mheshimiwa ni hiki. Mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, kwa sababu shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na 2028 tunapokea mikupuo miwili kwa mara moja. Nafurahi kwamba sera mpya inasema elimu ya lazima iwe miaka kumi, maana mlango hautafungwa tena kwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Lakini kabla hamjatengeneza tathmini mpya tuambieni ya zamani ilifanya kazi gani. Baraza la Mitihani mnayo data yote, watoto wana namba za PREM, zile za usajili zinazomtambua kila mwanafunzi. Chukueni waliofanya la saba 2021, hao ndo walioingia form one 2022 na kukaa kidato cha nne 2025, waunganisheni, mtuambie. Aliyepata B la saba aliishia division gani? Na waliopata alama sawa la saba, mmoja kafanya kwa Kiswahili mwingine katoka English medium kafanya kwa Kiingereza, wakakaa sekondari ileile moja, miaka minne baadae wamepishana kiasi gani? Walinganisheni ndani ya shule moja, maana najua wa English medium wengi wazazi wao wana uwezo, msije mkalinganisha pesa mkadhani mnalinganisha lugha. Toeni hayo majibu kwa Kiswahili, mtuletee hata sisi wa shule za kata, tunaweza kuyasoma.

Na kama itaonekana lugha ndo inakula alama za hawa watoto, basi muda wa kujifunza Kiingereza pale form one uongezwe, uwe wa maana, walimu wa kutosha, kabla hatujaanza kuwapima Biolojia kwa lugha hiyo. Mwaka huu zilikuwa wiki chache tu halafu tukaingia kwenye mada.

Yule binti nimeanza kubaki naye jioni, yeye na wenzake sita, dakika arobaini hivi, ananieleza kwa Kiswahili kwanza halafu tunatafuta maneno pamoja. Juzi ameandika sentensi mbili zake mwenyewe kuhusu jani. Upimaji wa kidato cha pili ni mwakani mwishoni, na sijui mahali pa kuijaza hiyo safari yake kwenye fomu zenu.

Mwalimu wa kidato cha kwanza,
shule ya kata