Idd Mubarak, na tusiwasahau waliotutangulia

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Idd Mubarak ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote, mlio Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, na nyinyi mlio Muscat, Dubai na London ambao najua leo mwili uko huko lakini roho iko nyumbani. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, na atufikishe mwakani tukiwa wazima, inshallah. Majirani zetu wa dini nyingine pia karibuni, pilau ipo na mlango uko wazi kama kila mwaka.

Ntasema ukweli, Ramadhani hii ilikuwa nzito. Sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, vyote vimepanda na mshahara uko palepale, mpaka kaimati zimekuwa ndogo, na watu walozoea kuleta sinia la futari msikitini mwaka huu walileta tende na maji tu, na mimi nnaona hao ndo walotoa kweli maana wametoa na huku wenyewe hawana. Hata mchele wa fitri ulipimwa kwa hesabu kali. Alhamdulillahi tumemaliza.

Kwetu sisi hii ndo Idd ya kwanza bila mzee. Alitutoka mwezi wa Rajab. Kila mwaka alikuwa anatafuta noti mpya za mkono wa Idd mapema kabisa, anazipanga ndani ya kitabu zisikunjike, halafu akitoka kuswali anakaa barazani na kanzu yake na watoto wa mtaa mzima wanakuja, haulizi huyu wa nani. Leo alfajiri nimekifungua kile kitabu nikakuta noti zilobaki za mwaka jana, zimenyooka vilevile. Nimeshindwa kuzigusa. Mungu amrehemu, nimemkosa sana baba yangu.

Mzee alisoma Allidina, ile shule ya sekondari ya Allidina Visram hapa Mombasa, miaka ya 70, mtoto wa kuli wa bandarini, na hiyo shule ukimtajia mpaka uzeeni alikuwa anakaa sawa kwenye kiti. Basi kumi la mwisho imamu wetu akasoma ile hadithi tunayoijua sote, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema wa kumuombea, na mimi pale pale nikamfikiria mzee wangu na nikamfikiria pia huyo Allidina Visram mwenyewe, kwa sababu wengi tumepita kwenye lile geti na jina tunalisoma kila siku lakini mtu hatumjui.

Alizaliwa 1851 kijiji cha Kera, Kutch, huko India, na 1863 akavuka bahari mpaka Unguja, mtoto wa miaka 12. Hakuja na mali. Bagamoyo akapokelewa na Sewa Haji Paroo, yule tajiri wa misafara aliyekuwa akiwatafutia wazungu wapagazi na bidhaa za safari ya bara, na hapo ndo akajifunza kazi, kupima nguo, ushanga, waya, kujua nani anakopesheka na nani siye. Alipojitegemea akafuata njia ile ile ya misafara na maduka yake mpaka Ujiji. 1896 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa, yeye akaona mbali, reli inasogea na duka linasogea, na 1898 alishafungua Kampala. Biashara ya pembe za ndovu aliifanya na yeye, tusimpambe, ndo ilokuwa biashara ya zama zile. Lakini hakukaa kwenye kununua na kuuza tu. Aliweka viwanda vya kuchambulia pamba Uganda, sabuni Kampala na Mombasa, vinu vya kukamua mafuta, na vyombo vyake vikisafiri Ziwa Viktoria, wakati ambapo huku hata neno kiwanda lilikuwa geni. Na vijana walokuja kutoka Gujarat mikono mitupu aliwapa bidhaa kwa mkopo waende wakafungue maduka, kama na yeye alivyopokelewa Bagamoyo.

1916 akapata homa katika safari ya Kongo, akafia Mombasa. Mwanawe Abdulrasul akajenga shule kwa kumbukumbu ya baba yake, ikafunguliwa 1923. Mwanzo ilikuwa ya watoto wa Kihindi, serikali ya mkoloni ikitenganisha watu kwa rangi, baadaye ndo ikafunguka kwa wote, akapita na mzee wangu. Sasa tazameni jamani. Maduka yale yote yako wapi? Viwanda viko wapi? Utajiri ule ulisambaratika miaka michache tu baada yake. Shule imesimama. Na Sewa Haji vivyo hivyo, alikufa 1897, na mpaka leo Muhimbili watu wanalazwa jengo la Sewahaji.

Kwa hivyo ndugu zangu, nyinyi mlojaaliwa, msingoje mfe ndo watoto wenu waanze kuwatafutia thawabu. Mwenye duka, yule kijana anayekubebea magunia mfundishe hesabu, mwonyeshe bei za jumla, siku moja mpe mzigo akajaribu. Mwenye nyumba za kupangisha, mlipie mtoto mmoja wa mpangaji wako karo. Kuna watoto mtaani kwetu wamepasi, barua ya kujiunga sekondari iko mezani na mama hajui sare atatoa wapi, na sisi tunashindana kukodi magari ya harusi! Wallahi tutaulizwa. Mali tutaulizwa tuliipata wapi na tuliitumia wapi.

Sisi nyumbani tumekubaliana mwaka huu kumsomesha mtoto mmoja kwa niaba ya marehemu, mpaka amalize sekondari, na noti za mle kitabuni zitakuwa za kwanza kuingia. Jamaa mnaotaka kutia mkono nitafuteni baada ya Idd tupange, hata kidogo kinafaa.

Watoto wapelekeni Makadara wakapande bembea, wagonjwa watembeleeni, mlogombana peaneni mikono leo leo. Mungu awarehemu wazee wetu wote walotangulia, awape shifaa wagonjwa na awafungulie riziki walokwama. Kullu amin wa antum bikheir.