Beti ya tatu kwanza, kinanda baadaye

Unguja, Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Shemsa,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe na hilo joto la Maskati. Mama yako mzima, uvimbe wa mguu umepungua, na kanituma nikwambie usimletee tena ile dawa ya kuchua, maana nyumba nzima inanuka hospitali. Ramla kaachika tena, lakini hilo nadhani limeshafika huko kabla ya barua yangu. Basi salamu zimetosha, nina jambo.

Ujumbe wako nimeupata na picha ya kinanda nimeiona. Kizuri, wallahi, sitasema uongo. Unataka nikitafutie mnunuzi kile cha zamani kilichobaki kwa mama Kikwajuni, ujazilizie, ununue hicho Korg chenye robo sauti, zile noti zinazokaa katikati ya vibonyezo. Mnunuzi hata sikuhangaika kumtafuta. Kijana wa Khamis anakitaka kesho asubuhi, taslimu. Nikaenda kukitazama. Mama kakitandikia kitambaa cha kufuma, juu kapanga redio na vile vikombe vya Idi visivyoguswa na mtu. Tukakipakua mzigo wake, tukakipangusa, tukakiwasha, kinalia. Vibonyezo viwili vya juu kabisa vimekufa, na huko juu wewe hujawahi kufika hata siku moja.

Basi sikiuzi. Nitakiuza siku nitakayopokea beti ya tatu ya ule wimbo wako wa nahodha. Niite mshari, niite mjeuri, yote nakubali, lakini kinanda hakitoki Kikwajuni.

Jioni ile juu ya paa kule Malindi uliimba beti mbili nikakurekodi kwa simu. Rekodi ninayo mpaka leo, naisikiliza dukani wateja wakipungua. Kuna kunguru, kuna vespa ya mtu inagoma kuwaka, kuna Maalim wetu wa udi anakohoa halafu anaomba radhi kwa kukohoa, na katikati ya vurugu zote hizo unatoka wewe:

Nahodha kavuta tanga, pwani kuniacha kando,
Napepesa yangu kanga, wala hageuzi mwendo.

Mtu akifika hapo anataka kujua. Karudi? Hakurudi? Kanga umeipepea mpaka lini, umejifunga mwenyewe, umeitia moto? Beti ya pili unaiuliza bahari, na bahari inakujibu kwa mafumbo, sawa, bahari ndivyo ilivyo. Halafu unasema "hapa bado", unacheka, rekodi inakatika. Mimi nimebaki hapo hapo kwenye "hapa bado" mpaka leo.

Tangu jioni ile, shoga, umenunua duka zima. Kwanza hedifoni, kwa sababu za simu zinadanganya besi. Kisha kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kisha kadi nyengine, maana ya kwanza ilikuwa na tundu moja la maiki, na wewe unayeimba peke yako chumbani ukahitaji matundu manane. Kisha kanuni, kile chombo cha nyuzi cha kulaza mapajani, kutoka Misri. Kanuni, Shemsa! Nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, wala si chombo chako, wewe ni mwimbaji. Ijumaa yako nzima ikawa inaishia kwenye kuzungusha vigingi, na ukifika nyuzi za mwisho zile za mwanzo zimeshahama kwa hicho kiyoyozi. Kila kilichoingia ndani ulinitumia picha yake, na boksi lake, na mara moja hata risiti. Beti hukunitumia.

Sasa hilo la robo sauti. Unasema umekwama kwa sababu kinanda ulichonacho hakina robo, na taarabu bila robo inakuwa muziki wa hotelini. Kwa maqamu, hii mipangilio ya noti, kama Bayati na Rasti sikubishii, nimeshika fidla miaka yote hii, najua kidole kinakaa wapi. Lakini wimbo wako ni Nahawandi! Nahawandi haina robo. Kinanda cha mama yako, hicho kilichokuwa kimebeba vikombe, kinaipiga Nahawandi yote bila taabu. Nilimsomea Maalim ujumbe wako, akatafakari kidogo, akauliza kwa adabu zake zile, "Au kabadilisha maqamu?" Nikamwambia hajabadilisha kitu, anataka kununua tu. Alicheka mpaka nikamletea maji.

Usidhani navichukia vyombo. Chombo kibovu kinamtesa mtu, mimi nalijua hilo shingoni na begani. Ila nakumbuka tulivyokuwa chuo cha muziki, DCMA, kila chombo cha chuo, kila chumba kina zamu, saa yako ikiisha mwenzio yuko mlangoni anagonga. Ulikuwa unafika na wimbo umeshakamilika kichwani, umeutunga njiani kutoka Darajani, kwa sababu hakukuwa na muda wa kufika na kuanza kufikiri. Sasa una chumba chako, una vyombo vyako, zamu ni yako mchana na usiku, na hakuna anayegonga. Hebu nikugongee mimi.

Na ile maiki uliyonipa kwa mkono wa Nassir, ahsante, nilikuwa sijakusimulia. Ni kondensa, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na kadi sina, kwa hiyo ilikaa kabatini na harufu yake ya dukani. Mwisho nikaomba kadi kwa wale vijana wa studio Jang'ombe, nikaifunga sebuleni kwangu, nikapiga. Shoga, ile maiki inasikia mpaka nia! Feni inasikika, jirani anakuna nazi, mtoto wa nyumba ya tatu anasoma juzuu na anakosea pale pale kila siku. Fidla yangu imo, ukiitafuta. Vijana wakanionea huruma, wakanipa maiki yao ya jukwaani, SM58 iliyobonyea kichwa kwa kuangushwa. Aina hiyo inatengenezwa tangu 1966, imetuzidi umri sote wawili, na haitaki umeme wowote. Nikaisogelea karibu, nikapiga, ikachukua fidla ikamwacha jirani na nazi yake. Maiki yako ni nzuri, tena sana, lakini inataka chumba kilichotulia, na chumba kilichotulia Unguja hii kiko wapi?

Kuna jengine, na usigune. Siti binti Saad mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri. Fikiria safari hiyo. Meli, siku kadhaa baharini, nchi ya ugenini, na ukifika unasimama mbele ya mtambo wa watu. Upande mmoja wa sahani ya santuri ni kama dakika tatu, unachorwa huku unaimba, hakuna kufuta neno wala kuiunganisha beti ya leo na ya kesho. Ukikosea, sahani nyengine na uanze mwanzo. Mwanamke wa Fumba, kusoma na kuandika hajui, nyimbo zote ziko kifuani. Mtambo haukuwa wake, na nadhani hata jina lake hakulijali. Sasa mtie "hapa bado" mdomoni Siti mbele ya wale mabwana wa HMV uone kama inakaa.

Najua utaniambia Siti ni Siti. Haya, tumwache. Tumzungumze Maalim.

Siku hizi udi anaushika baada ya Alasiri tu, asubuhi vidole vinamkaza. Hasemi. Ukimuuliza anasema hali ya hewa. Lakini Bi Saida kaniambia mwezi ujao wanampeleka Dar kwa daktari wa mkono, na mimi nikimtazama anavyopokea kikombe cha chai naelewa. Wimbo wako keshautungia kipande cha kuingilia, kizuri kupita kiasi, kinapanda taratibu halafu kinaanguka pale pale sauti yako inapoanza. Kila nikimpitia anauliza, "Yule mtoto keshaleta?" Wewe una watoto wawili na kwake ungali mtoto. Sitaki kumrekodi baada ya daktari. Nataka kumrekodi na vidole hivi alivyonavyo sasa. Unanielewa?

Na hili nisemalo sasa usinikasirikie. Nahodha ninamjua. Unajua kwamba ninamjua. Anapita dukani kwangu Darajani, juzi kaja kutafuta kanga za mkewe, akachagua mbaya kuliko zote, akabishana bei, akaondoka na kitambi kinatangulia. Hakuniuliza habari zako na mimi sikumpa. Kama beti haiji kwa sababu hujaamua umrudishe pwani au umwache huko huko alikokwenda, basi hata ununue Korg la dhahabu litakaa mezani linakusubiri uamue. Mzamishe, Shemsa. Au mrudishe na kitambi chake, watu wacheke ukumbini. Au wewe mwenyewe panda chombo chengine uondoke, kwani si ndivyo ilivyokuwa? Si uliondoka wewe? Nilijaribu kuiandika kwa mkono wangu, mistari miwili, vina vikakaa vizuri lakini ilikuwa sauti ya mtu anayekusemea, nikaifuta. Haya, nimesema, tuyaache.

Sasa nisikilize vizuri, hii ndiyo kazi yenyewe na haitaki riali hata moja. Zima kiyoyozi. Najua ni Maskati, lakini wimbo ni kama dakika tano, hutakufa. Halafu ingia kwenye kabati la nguo na simu yako, hilo kabati la ukutani ulilonionyesha, ujifungie katikati ya mabaibui. Nguo zinameza mwangwi. Kinachokuharibia sauti huko kwako ni vigae na kuta tupu, na umekuwa ukiilaumu maiki bure. Simu ilaze juu ya rafu, usiishike mkononi, maana unapenda kupunga mikono ukiimba. Kabla hujaanza bonyeza noti yako ya mwanzo kwenye kinanda chochote, ili sisi huku tujue umesimama wapi. Kisha imba beti zote tatu na viitikio vyake bila kusimama, ukikohoa kohoa, Maalim keshakupa ruhusa kwa mfano wake. Unitumie kama faili. Usinitumie ule ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kuachia, ule unaibana sauti mno, juu kunakatika.

Sisi tutapiga juu yako. Maalim udi, mimi fidla, dumbaki atakuja yule yule, akodioni tutamwomba Mzee Juma kama hajanuna na mambo ya harusi ya Ramla, ambayo nayo, lo, nitakueleza siku nyengine kwa sababu pesa za wapigaji mpaka leo... basi. Siku nyengine. Vijana wa Jang'ombe wamenipa Jumapili mbili kwa bei ya sogea tukae. Ikishatoka, nunua hilo Korg, nunua na kaka yake, nitakusaidia kulibeba bandarini.

Sasa nijibu, na usijibu na picha. Beti umeiandika ukaificha au kweli haipo? Kama una mstari mmoja tu, ni upi? Hilo daftari lako la jalada jekundu ulikwenda nalo au liko kwa mama, nikalifukue? Nahodha anarudi ama harudi? Idi hii unakuja, au tena likizo ya kazini imegongana na kitu? Kiitikio unataka waimbe wanawake peke yao au na Mzee Juma naye aingie na sauti yake ile? Ile kanuni umeifanyaje, bado unaizungusha vigingi? Na kijana wa Khamis, ambaye kila siku yuko mlangoni kwangu na pesa zake mfukoni, nimwambie asubiri mpaka lini?

Wako akupendaye,
Zuwena

N.B. Kama Nassir ana nafasi kwenye begi, niletee nyuzi za fidla, seti nzima. Ile nyembamba ya juu niletee mbili. Hii si kununua vyombo, nisikusikie ukicheka, imekatika.