Charles Ives alikuwa mtu wa bima pia

Mhariri,

Kila Mei 19 inapofika, wapenzi wa muziki humkumbuka Charles Ives, mtunzi Mmarekani aliyefariki New York mwaka 1954 akiwa na miaka 79. Wana haki. Lakini mtu huyu alifanya kazi ya bima kwa zaidi ya miaka 30, na sisi tunaokula kwa kazi hiyo hatumtaji kabisa. Naomba nafasi nimtaje.

Alianza mwaka 1898, karani katika kampuni ya Mutual Life. Baadaye yeye na mwenzake Julian Myrick wakafungua ofisi yao ya uwakala, Ives & Myrick, ikakua hadi kuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini humo. Muziki aliuandika jioni na siku za mapumziko. Alistaafu mwaka 1930, afya ikiwa imemwelemea.

Kilichonivuta kwake ni jinsi alivyouza bima ya maisha. Aliwafundisha mawakala wake, tena kwa maandishi, waanze na hesabu ya nyumba ya mteja. Baba akiondoka leo, mama na watoto watahitaji kiasi gani ili maisha yaendelee? Tayari kuna nini cha kuwasaidia? Pengo linalobaki ndilo la kukatiwa bima, si zaidi wala pungufu. Ukisikia hivi waona ni jambo dogo, ila linataka ukae na mteja, umsikilize, uandike. Wakala anayekimbilia kamisheni hakai.

Naamini hesabu hiyo ilikuwa na uchungu wake. Baba yake, kiongozi wa bendi mjini Danbury, Connecticut, alifariki mwaka 1894, Charles ndiyo kwanza ameingia Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1908 alimwoa Harmony Twichell, muuguzi. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa, wakamwasili Edith, binti wa familia maskini waliyoikaribisha shambani kwao West Redding. Na alipopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1947, fedha zake alizigawa.

Kwetu msiba ukitokea tunachanga, na tunachanga kwa moyo. Lakini maturubai yakishashushwa na wageni wakaaga, ada ya shule ya muhula unaofuata humwangukia mjane peke yake. Nimewakuta wajane wakipekua makabati na mabegi ya marehemu, wakitafuta karatasi yoyote ya bima. Wengine walikuta mkataba upo, lakini fao lake halifikishi hata mwaka mmoja wa kodi ya nyumba, kwa sababu aliyemuuzia mume wao hakuwahi kuuliza ana watoto wangapi.

Naziomba kampuni zetu za bima ziwafundishe mawakala wapya hesabu hii ya familia kabla ya kuwakabidhi malengo ya mauzo. Na sisi wakongwe tukumbushwe.

Wakala wa bima,
Dar es Salaam