Barua kutoka Vail: njia inayolifaa goti lako

Vail, Colorado
9 Julai

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi. Mwanao anakusalimu, na mjukuu wako aliyetimiza miaka sita anakusalimu pia, ingawa kwake wewe bado ni sauti ya kwenye simu. Sisi sote wazima. Goti linaendeleaje? Usinijibu "nashukuru Mungu" halafu ukanyamaza. Nataka habari kamili: unashuka ngazi kama watu, au bado unashuka kinyumenyume umeshikilia ukuta?

Tangu siku ile uliponiambia kwamba wewe na milima basi, mmeagana, nimekuwa na kinyongo. Ulisema kwa utani, lakini nakujua. Miaka yote tuliyopokezana darasa, wewe na Biolojia yako, mimi na Jiografia yangu, sijawahi kukusikia ukitania jambo lisilokuuma. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekutumia picha ungezitazama mara moja, ukasema "pazuri", ukarudi kwenye mambo yako.

Nimekupatia njia. Iko milimani kabisa, na haina hata ngazi moja ya lazima.

Kwanza ujue niko wapi. Kutoka Denver tulikwenda magharibi kwa gari kama kilomita 160, barabara ikipanda tu, mpaka tukaingia handaki la Eisenhower, linalotoboa mlima kwenye mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Masikio yakaziba. Ukitoka upande wa pili unashuka, unapanda tena kupita Vail Pass, njia ya kuvuka mlima, halafu ndipo unaporomoka hadi bondeni. Mji wenyewe uko mita 2,480 hivi. Unaikumbuka safari yetu na wanafunzi, kutoka lango la Marangu kule Kilimanjaro hadi kibanda cha Mandara, yule kijana alipoapa kwamba hatoenda tena popote bila mama yake? Basi chukua mji mzima, na mabasi yake na maduka yake, uuweke kati ya lango na Mandara, tena karibu zaidi na Mandara. Usiku wa kwanza kichwa kilinigonga. Pumzi moja hapa ina oksijeni pungufu kwa robo hivi kuliko pumzi ya huko pwani. Nilikunywa maji mengi, nikalala mapema, asubuhi nikawa mtu. Na wewe ukija, siku ya kwanza usijitie ushujaa.

Bonde hili lilikuwa la wafugaji wa kondoo. Mji umezaliwa juzi tu: lifti za kupandisha watu wa kuteleza kwenye theluji zilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1962. Waanzilishi ni wawili, Earl Eaton, mwenyeji aliyeujua mlima, na Pete Seibert, aliyekuwa askari wa Divisheni ya 10 ya Milimani ya jeshi la Marekani. Sasa sikiliza. Seibert alijeruhiwa vibaya Italia mwaka 1945, na katika majeraha yale akapoteza pia ya goti. Pia ya goti! Miaka mitano baadaye alikuwa kwenye timu ya Marekani ya kuteleza kwenye theluji. Sikuelezi haya ili kukutia moyo, maana najua unavyowachukia watu wanaokutia moyo. Nakueleza kwa sababu nilipoyasoma nilicheka peke yangu mpaka mwanao akaja kuuliza kuna nini.

Njia yenyewe inafuata kijito kinachoitwa Gore Creek. Ukitaka kuimaliza yote ni ndefu, inatoka mashariki ya mji hadi magharibi, nayo ni ya lami, baiskeli zinapita kwa kasi na wenye baiskeli wanapiga kelele "kushoto kwako!" kana kwamba umewadai. Hiyo waachie wao. Wewe nitakuanzishia kwenye bustani ya Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford. Familia yao ilikuwa na nyumba hapa Vail. Bustani ni ya mimea ya milimani na kuingia ni bure. Kuna vijimea kutoka Himalaya vimejikunyata kati ya mawe, vidogo, vina manyoya, vimelala chini kama vinavyojificha na upepo. Ungekaa hapo saa nzima ukivisemesha, nami ningekuvuta mkono, maana kijito kinasikika kutoka hapo na mimi sina subira.

Kutoka bustanini fuata maji. Ushauri wangu mkubwa ndio huo: yanakwenda magharibi, na wewe nenda nayo, ili mteremko mdogo uliopo uwe upande wako. Kipande kinachoelekea katikati ya mji ni cha waenda kwa miguu. Kijito kiko kando yako, karibu kiasi kwamba unaongea kwa sauti ya juu bila kujua. Mabenchi yapo, tena mengi. Nilikutana na bibi mmoja anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na baba aliyekuwa na kigari cha mapacha, na hakuna aliyemwonea mwenzake huruma.

Ukifika kwenye daraja la mbao lililoezekwa paa, uko mjini. Nyumba zimejengwa kuiga vijiji vya milima ya Alps, maua yananing'inia kwenye kila dirisha, mitaa haina magari. Mjukuu wako aliuliza kama ni mji wa kweli au ni wa katuni. Sikuwa na jibu la haraka. Kahawa nilinunua, bei yake nilijifanya sikuiona. Kutoka hapo ukiendelea kandokando ya maji unafika Lionshead, mtaa mwingine wa mji. Kwa jumla ni kama kilomita mbili na nusu hivi. Mimi nilitumia saa mbili, na kurudi nikapanda basi la mji, ambalo hawakutozi hata senti.

Hayo ndiyo maelekezo. Lakini kilichonifanya niandike ni kingine, na hicho ni cha somo lako.

Karibu na daraja niliketi kupumzika, nikaona ndege. Wa kijivu, mnene kama kiazi, mkia mfupi. Amesimama juu ya jiwe katikati ya maji yanayofoka, na anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, bila kukoma. Nikakukumbuka wewe na mazoezi uliyopewa na daktari. Mara akaingia majini. Hakuruka kama mdiria, alitembea! Alishuka kutoka kwenye jiwe akatembea mpaka maji yakamfunika kichwa, nami nikasimama nikidhani nimeshuhudia msiba. Akaibukia mbele kidogo na kitu mdomoni. Mwanao akasema huyo ndiye ndege anayetembea chini ya maji akiokota mabuu ya wadudu chini ya mawe, na kwamba ukimwona ni habari njema.

Njema kwa nini? Hapo ndipo nilipopata darasa. Mwaka 2012 jimbo la Colorado lilikiweka kijito hiki kwenye orodha ya maji yenye hitilafu, kwa sababu wadudu wa majini walikuwa wamepungua. Nilitazama huku na huku nikitafuta kiwanda. Hakuna. Maji unaona mpaka kokoto za chini. Nikauliza, basi mchafuzi ni nani? Kumbe ni uzuri wenyewe. Watu walikata vichaka vya ukingoni ili waone maji kutoka sebuleni, wakapanda nyasi mpaka mwisho wa ukingo, wakaziwekea mbolea na dawa za kuua wadudu. Mvua ikinyesha, maji yanayopita juu ya mapaa na lami na maegesho yanaingia mtoni moja kwa moja, hayachujwi na udongo wala mizizi. Tena barabara kuu ya I-70 inapita bondeni humuhumu, na juu kule kwenye Vail Pass wakati wa baridi humwagwa mchanga ili magari yasiteleze. Mchanga huo huteremka kwenye kijito kingine kinachoungana na hiki, ukaziba mapengo kati ya mawe. Na wewe ndiye uliyekuwa ukisema darasani: mdudu wa maji nyumba yake ni pengo kati ya mawe mawili. Ukiziba pengo umemfukuza mpangaji.

Mwaka 2016 mji ulipitisha mpango wa kukiponya, na wamekuwa wakirudisha mierebi na vichaka kando ya maji. Hilo utaliona mwenyewe njiani. Kuna sehemu kijito kimefichwa na vichaka, na mgeni aliyekuwa mbele yangu alilalamika kwamba hapati picha. Nilitaka kumwambia maneno, nikajizuia, umri huu.

Jambo hili mtu anayepita kwa baiskeli halioni. Wala anayepanda lifti kwenda kutazama vilele. Wanaona mlima, na mlima ni mzima kabisa, una theluji kwenye mifereji yake hata sasa Julai. Mgonjwa ni huyu wa chini, na kumwona unahitaji mwendo wa mtu mwenye goti.

Hata majina ni hadithi, nivumilie kidogo, mimi ni wa Jiografia. Vail lilikuwa jina la mhandisi wa barabara za jimbo, Charles Vail, likapewa ile njia ya mlimani, Vail Pass, na mji ukaliazima. Gore alikuwa bwana mkubwa kutoka Ireland, Sir St George Gore, aliyekuja kuwinda huku katika miaka ya 1850 na kuua wanyama kwa maelfu. Kabla ya wote hao bonde lilikuwa la Waute, wenyeji wa asili, nao walikuwa na majina yao. Kwa hiyo kijito kilichopungukiwa wadudu kinabeba jina la mtu aliyepunguza nyati. Ningekuwa na darasa bado, ningeanza hivyo kipindi cha kwanza.

Kama utakuja, usije Mei wala mwanzo wa Juni. Wakati huo theluji inayeyuka kwa nguvu, maji ni ya kahawia na hayachezewi. Jua la mchana huyeyusha kule juu, na maji hayo huchukua saa kadhaa kufika mjini, kwa hiyo jioni kijito huwa kimejaa kuliko asubuhi. Sasa hivi yametulia. Mwishoni mwa Septemba miti inayoitwa aspeni hugeuka dhahabu. Gome lake jeupe, na jani lina kikonyo bapa, ndiyo maana linatetemeka hata upepo usipokuwepo wa kuhisi. Nilikuchumia moja, limo humu ndani ya bahasha kama halijavunjika.

Muulize daktari wako swali moja tu: kilomita mbili na nusu, tambarare, na benchi kila unapochoka, inawezekana? Usimwambie ni Marekani, atakuongezea masharti. Nauli tutazungumza, mwanao ameshaanza kupiga hesabu.

Jana mjukuu wako alinivuta mpaka pembeni, mahali maji ni ya kifundo cha mguu, na baridi yake inauma mpaka kwenye meno. Akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na mdudu bapa, wa kahawia, amejibandika. Nakumbuka uliwafundisha wanafunzi kwamba wengine wana mikia miwili na wengine mitatu, na kwamba tofauti hiyo si ndogo. Tulihesabu mara mbili: miwili. Tukalirudisha jiwe kama lilivyokuwa. Huyo ni yupi, na je, tufurahi?

Wako,
Mwalimu mwenzio