Mmetupandisha daraja, tupeni na muda wa kusajili: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano

Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Mashindano ya Ligi Kuu ya Raga
Yah: Dirisha la usajili kwa klabu zinazopanda daraja

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa njia ya kawaida zilijibiwa kwa ufupi kwamba kalenda ya msimu imeshapitishwa. Najua imepitishwa. Ombi letu linaihusu kalenda hiyo hiyo.

Ninashughulikia usajili katika klabu iliyopanda msimu huu. Nafasi yetu tuliipata uwanjani, katika mechi ya mwisho ya mchujo, mbele ya mashabiki waliotufuata tangu tukiwa hatuna hata benchi la kukalia wachezaji wa akiba. Tangu filimbi ile ya mwisho kazi yangu imekuwa simu. Nawapigia mawakala, makocha, wachezaji wenyewe, na mara nyingine wake zao na wazazi wao, maana uamuzi wa kuhama klabu haufanywi na mtu mmoja. Wengi hawanikatalii. Wananiambia tumechelewa, kwamba wangekuja lau tungewatafuta katikati ya msimu, ila sasa wameshasaini kwingine.

Wanasema kweli. Klabu zilizozoea Ligi Kuu huanza kuzungumza na wachezaji msimu ukiwa bado nusu. Propu mzuri, yule msukumaji wa mstari wa mbele, ambaye mkataba wake unakwisha huwa ameshajua atakakocheza kabla sisi hatujacheza hata nusu fainali ya daraja la chini. Nasi tukimfuata mapema, swali lake la kwanza ni hili: mtakuwa ligi gani? Hatuna jibu. Tukimwambia tutapanda, tunamdanganya. Tukimwambia huenda tukapanda, tunamtaka mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule aweke mwaka mzima wa maisha yake juu ya matokeo ya mechi ambayo haijachezwa. Simlaumu anayekataa. Ningekuwa yeye ningekataa pia.

Jambo hili limeshaonekana kwenye ligi kubwa kuliko yetu. Mwaka 2012 London Welsh walishinda Championship, daraja la pili la Uingereza, lakini walizuiwa kupanda kwa sababu ya masharti ya uwanja. Walikata rufaa, wakashinda mwishoni mwa Juni, na Premiership, yaani Ligi Kuu ya huko, ikaanza mwanzoni mwa Septemba. Klabu nzima ilitakiwa kutengeneza kikosi cha Ligi Kuu ndani ya kiangazi kimoja, wakati wenzao walikuwa wamemaliza kusajili zamani. Walimaliza wa mwisho, na msimu huo huo wakakatwa pointi 5 kwa kosa la usajili wa mchezaji. Kosa lile silitetei, karatasi ni karatasi na aliyekosea aliadhibiwa. Ninachosema ni kwamba ofisi inayosajili kikosi kizima kwa wiki chache ni ofisi inayokaribisha makosa, na kanuni zetu za sasa zinatuweka katika hali ile ile.

Mfano wa karibuni zaidi ni Vannes ya Ufaransa. Juni 2024 waliifunga Grenoble katika fainali ya Pro D2, daraja la pili la huko, wakawa klabu ya kwanza ya jimbo la Brittany kufika Top 14, ligi kuu yao. Septemba ligi ikaanza. Walipigana msimu mzima, viwanja vikajaa, na bado wakashuka. Sisemi tarehe ndiyo sababu pekee. Ila aliyepanda Juni anaanza akiwa nyuma ya wote, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya usajili analijua hilo.

Naomba sasa nizungumzie mstari wa mbele, wale watatu wanaokutana na wapinzani uso kwa uso wakati wa kusukumana, kwa maana hapo ndipo tunapoumia zaidi, na nina hofu kwamba baadhi ya wajumbe wa kamati yako hawajalipa jambo hili uzito wake.

Sheria ya 3 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, haiangalii tu idadi ya watu waliovaa jezi. Timu inayotaja wachezaji 23 lazima iwe na angalau 6 waliofunzwa kucheza mstari wa mbele, ili propu wa kushoto, huka wa katikati na propu wa kulia kila mmoja awe na wa kumpokea. Ukitaja 19 hadi 22 lazima wawe 5. Sababu yake ni usalama. Ndani ya skramu, pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana kugombea mpira, uzito wa watu wanane kila upande unapita kwenye shingo na migongo ya watu watatu, na asiyefunzwa nafasi ile anaweza kuvunjika yeye au kumvunja mwenzake. Kwa hiyo huwezi kumchukua beki mwenye mwili ukamsogeza mbele kwa sababu una upungufu. Mwamuzi hakubali, na kocha mwenye dhamiri hakubali.

Halafu kuna adhabu yake. Timu ikiwa imetaja 23, na mtu wa mstari wa mbele akatoka bila kuwepo wa kumrithi, mwamuzi anaamuru skramu zisizosukumwa, na yule aliyetoka nafasi yake haizibwi. Mnamaliza na watu 14. Kwa timu ngeni iliyozidiwa tayari, hiyo ni mechi iliyokwisha. Kwa hiyo ili tucheze wikendi mfululizo tunahitaji zaidi ya hao 6, maana watu wa kazi hii huumia. Mapropu 3 wa kulia ndio uhai wa klabu ya Ligi Kuu, na ndio wachezaji adimu kuliko wote. Propu hukomaa polepole. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa winga hatari katika ligi ya wakubwa, lakini ukimweka namba 3, yaani propu wa kulia, mbele ya mtu wa miaka 30 aliyesukuma skramu maisha yake yote, unamwonea. Ndiyo maana waliopo wanashikiliwa kwa mikataba mirefu, na wachache wanaobaki huru wanachukuliwa mapema kabisa.

Mpaka ninapoandika barua hii hatujatosheka katika nafasi hizo. Tunao wawili waliotupandisha, watu wazima wenye kazi zao, ambao wamekuwa wakifanya mazoezi jioni baada ya kutoka kazini. Mmoja ameniambia waziwazi kwamba mwajiri wake hawezi kumpa ruhusa ya mazoezi ya mchana. Nimekaa naye, tumezungumza kama ndugu, na sina haki ya kumshinikiza aache riziki yake kwa ajili ya msimu mmoja ambao huenda ukatushusha.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi, Mheshimiwa. Kikosi kikiwa chembamba, mchezaji aliyeumia huanza kusikia sauti zinazomwita arudi. Hakuna anayemwambia moja kwa moja. Anaona mwenyewe ubao wa kikosi, anaona nafasi yake haina mtu, anasema kichwa kimetulia. Mtikisiko wa ubongo si jeraha la kuvumiliwa kiume. Daktari wetu wa timu ana mamlaka kamili ya kumzuia mchezaji, na benchi la ufundi linajua hivyo. Lakini kanuni inayoiacha klabu bila watu inamwongezea daktari huyo vita ambayo hakupaswa kupigana.

Nimewasikia viongozi wa klabu kongwe wakisema kwamba dirisha lazima liwe moja kwa wote, la sivyo ushindani utaharibika. Hoja hiyo naiheshimu. Dirisha la usajili liliwekwa kwa nia njema, kuzuia mwenye fedha asinunue timu mpya mwishoni mwa msimu ili kujinusuru au kumharibia mwenzake, na mimi mwenyewe ningelipigia kura. Ila sisi tunaomba muda mwanzoni mwa msimu, kabla pointi yoyote haijapotea wala kupatikana. Na dirisha hilo si moja kwa wote hata sasa. Klabu iliyobaki Ligi Kuu imekuwa ikisajili kwa miezi mingi ikijua inasajilia ligi gani. Sisi tumepewa wiki chache. Karatasi inasema tuko sawa kwa sababu mlango unafungwa siku moja, wakati umefunguliwa siku tofauti.

Wengine wanasema tatizo letu ni fedha. Fedha ni tatizo, sikatai. Lakini London Welsh waliporudi Premiership msimu wa 2014/15 walileta kundi kubwa la wachezaji wapya, na wakapoteza mechi zote 22. Miaka miwili baadaye klabu ile ikaingia katika ufilisi. Fedha zilizotumika kwa haraka zilinunua wageni waliokutana kwenye mazoezi ya kwanza bila kujuana majina. Tofauti nao, Exeter Chiefs wa Uingereza hiyo hiyo walipanda mwaka 2010 wakiwa wameshikilia sehemu kubwa ya watu waliowapandisha, chini ya Rob Baxter, aliyekuwa nahodha wa klabu hiyo hiyo kabla ya kuwa kocha wake. Msimu wa kwanza walimaliza wa 8. Mwaka 2017 wakawa mabingwa, na mwaka 2020 wakabeba ubingwa wa ligi na wa Ulaya kwa pamoja. La Rochelle wa Ufaransa nao walirudi Top 14 mwaka 2014, na mwaka 2022 na 2023 wakawa mabingwa wa Ulaya.

Nasi tunataka kwenda kwa njia hiyo. Mcheza kwao hutunzwa, na vijana waliotufikisha hapa watapewa nafasi ya kwanza ya kuvaa jezi ya Ligi Kuu. Hatuombi ruhusa ya kuwatupa. Tunaomba watu wachache wa kuwasaidia: mapropu, huka mwenye mrusho wa uhakika, mtu mrefu wa safu ya pili wa kuruka kuudaka mpira unaporushwa kutoka pembeni, na namba 10, mpanga mchezo, aliyewahi kuongoza mechi chini ya shinikizo. Ukiwapata hao kwa wakati, vijana wako wanakua. Ukiwakosa, vijana hao hao wanapigwa pointi 60 wiki baada ya wiki, na msimu ukiisha nusu yao wameacha raga.

Kwa hiyo ombi langu liko hivi. Kamati iiruhusu klabu iliyopanda kuendelea kusajili hadi baada ya raundi chache za mwanzo wa ligi, kwa idadi yenye kikomo, na kamati yenyewe iseme kikomo hicho ni watu wangapi. Tukipewa watano tutashukuru. Pamoja na hilo, kwa mstari wa mbele pekee, uruhusiwe mkopo wa muda mfupi katikati ya msimu. Klabu kubwa zina mapropu vijana wanaovaa jezi ya akiba na kurudi nyumbani bila kugusa skramu. Kijana huyo akija kwetu kwa miezi miwili, chini ya uangalizi wa makocha wa pande zote mbili, atacheza, na klabu yake itampokea akiwa amepevuka. Mkataba wa mkopo unaweza kumzuia asicheze dhidi ya klabu iliyomtoa. Hilo halitatusumbua.

Kuhusu wanaotoka nje, mchezaji hawezi kuhamia chama kingine cha raga bila kibali cha chama anachotoka, na hatuwezi kumchezesha kabla kibali hakijafika. Karatasi hizo zinachukua muda usio mikononi mwetu. Mchezaji ambaye maombi yake yaliwasilishwa kabla ya dirisha kufungwa ahesabiwe amesajiliwa kwa wakati, hata kibali kikifika baadaye. Na klabu iliyomlea kijana ilipwe fidia yake ya malezi kama Kanuni ya 4 ya World Rugby inavyotambua. Hatutafuti njia ya kukwepa deni hilo. Tulikuwa upande wa wanaonyang'anywa wachezaji kwa miaka mingi, tunajua linavyouma.

Na hapa niseme jambo ambalo viongozi wenzangu huenda wasilipende. Tukikosa wachezaji juu, tunawachukua chini. Nimeshawapigia simu mapropu wa klabu tulizocheza nazo msimu uliopita, klabu zenye watu wanane tu wa mstari wa mbele katika timu zao zote. Kila ninayemchukua anaacha shimo ambalo klabu ile haitaliziba, na huenda wakashindwa kabisa kupeleka timu ya pili uwanjani. Kanuni ya sasa inatusukuma kuwapora waliotulea, kwa sababu hao ndio pekee ambao bado hawajasaini kwingine. Mkopo kutoka klabu kubwa ungewaacha salama. Mimi ningependa sana kuacha kupiga simu hizo.

Dirisha litafungwa kabla ya kikao chenu kijacho cha kawaida. Kamati ina mamlaka ya kuitisha kikao cha dharura, na nakuomba uyatumie, hata kama ni kwa ajenda hii moja. Niko tayari kuja na orodha kamili ya kikosi chetu, nafasi kwa nafasi, pamoja na kocha wa skramu na daktari wa timu, ili wajumbe waulize wanachotaka na kujionea majina yaliyopo na yasiyopo. Kama uamuzi utakuwa hapana, tunaomba uje kwa maandishi na uje mapema, ili nijue leo kama nimpe jibu yule propu anayenisubiri au nimwachie akasaini kwingine.

Wako katika mchezo,

Katibu wa usajili, klabu iliyopanda daraja