Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wasaidizi wa kisheria wenzangu,

Nianze na bahasha ya kaki. Bibi mmoja wa kata ya jirani aliileta ofisini mwezi wa nne, ameikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Ndani mlikuwa na hukumu ya baraza la ardhi na nyumba, yote kwa Kiingereza. Mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa ameshamsomea na kumwambia ameshinda, kwa kuwa jina la bibi ndilo lililotangulia juu. Kumbe ameshindwa. Siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu zilikuwa zimeisha siku sita nyuma.

Kilichoniuma zaidi ni mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa barazani. Barazani bibi alisema, "Nilimpa shamba alime." Humu ndani hakuna asiyejua maana yake: kalime, ukishavuna ardhi ni yangu. Lakini kalamu ilipoihamishia sentensi hiyo kwenye Kiingereza, "alime" ikadondoka njiani. Likabaki neno la kumpa mtu kitu kikawa chake, na hukumu ikasimama juu ya neno hilo: shamba lilitolewa zawadi. Hakuna aliyedanganya, na sidhani kama kuna aliyehongwa.

Ushahidi huo ulichukuliwa kabla ya 2021. Wakati huo Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 iliruhusu baraza lizungumze Kiswahili, ila kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa ikiandika Kiswahili. Ukipanda ngazi, wewe unasema Kiswahili, hakimu anatafsiri kimoyomoyo huku mkono unaandika, na jaji wa rufaa anaisoma tafsiri ile kana kwamba ndiyo iliyotoka kinywani mwako. Tumekwenda hivyo tangu Mwingereza alipotuletea sheria zake mwaka 1920, na uhuru ulipokuja haukuigusa kalamu ya hakimu.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ikaja kusema Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Nilishangilia, na sijutii. Ila iliachwa nafasi Kiingereza kitumike pale maslahi ya haki yatakapohitaji, na kwa maoni yangu nafasi hiyo ni pana kama lango la zizi. Wakili kasomea Kiingereza, maamuzi ya zamani anayoyanukuu ni ya Kiingereza, hakimu ana rundo la majalada mezani. Kila mmoja anarudi kwenye alichozoea. Nasi tusijidanganye kwamba kazi ni kutafsiri tu. Mteja akiambiwa shauri "limeondolewa" na mwingine akaambiwa lake "limetupiliwa mbali," wote wawili wanarudi nyumbani wakilia, wakati wa kwanza angeweza kurekebisha kasoro na kufungua upya. Hata baadhi yetu tunayachanganya maneno haya. Nimesikia kwa masikio yangu.

Mengine kwa ufupi. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, lakini ile kauli ya kuahirishia kesi, "upelelezi haujakamilika," ndugu za mahabusu bado wanaisikia. Kuhusu dhamana, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama utakatishaji fedha, Mei 2020, Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo ndugu wa mshtakiwa wa utakatishaji fedha akija na hati ya nyumba mkononi, mwambieni ukweli siku ileile. Na mabaraza ya kata tangu 2021 yanasuluhisha tu migogoro ya ardhi, hayaamui. Anayewaletea "hukumu ya kata" ya mwaka jana hana hukumu.

Sasa aibu yetu. Bibi anasema alifika kwetu mara ya kwanza wiki ya tatu baada ya hukumu, akakuta kufuli. Nimelitazama daftari. Siku hiyo sote tulikuwa kwenye semina ya upatikanaji wa haki, tunakula kuku wa mfadhili. Hata kikaratasi mlangoni hatukubandika. Kuanzia leo hatuondoki wote. Fomu ya kumpokea mteja nayo ibadilike: swali la kwanza liwe tarehe ya hukumu, hali ya ndoa itasubiri.

Sisi haturuhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iko wazi. Tumempata wakili wa kujitolea, ameandaa maombi ya kuongezewa muda. Ameniambia kila siku iliyochelewa lazima itolewe maelezo, na kufuli letu ni sehemu ya maelezo hayo. Nimekubali kuapa kiapo kueleza tulikuwa wapi. Katibu alikuwa na wasiwasi kwamba kitachafua jina la chama. Nimeshakisaini.

Maombi yanatajwa mwezi ujao. Bibi hana nauli, na miguu inamsumbua. Anayeweza kumsindikiza amwone mhazini kabla hatujaanza kunywa chai.